Diski Iliyofungwa Kanga

Kila asubuhi diski ile ilikuja kazini ikiwa imefungwa kanga. Shangazi wa bibi harusi aliipandisha ngazi mwenyewe, ndani ya mkoba wake wa ukili. Akifika chumbani kwangu alifunga mlango, akatia komeo, akaenda dirishani kuangalia kama kuna mtu kwenye roshani ya jengo la ng'ambo. Ndipo alipolegeza fundo na kunionyesha kisanduku cheusi chenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, waya wake umezungushwa kiunoni.

"Bibi harusi amefika," alikuwa akisema. "Mpokee."

Nilimpokea kwa mikono miwili, tena bila mzaha. Ndani ya kisanduku kile kulikuwa na shughuli nzima ya wanawake: singo ya kumsugua bibi harusi, hina, ngoma ya mduara, na watu wazima wenye heshima zao waliovua mabuibui na kufungua nywele, wakacheza kama wasichana kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na wanaume wote wametolewa nyumbani. Mimi ndiye niliyewapiga picha, na sasa kazi yangu ilikuwa kuzikata na kuziunganisha ziwe filamu moja ambayo bibi harusi angeondoka nayo kwenda Mwanza kwa mumewe. Nilipewa kazi ile kwa sababu moja iliyozidi ujuzi wangu wote. Nilikuwa mwanamke.

Ujuzi wenyewe niliuokota tu. Miaka ile biashara ya kila kitu ilikuwa imeachiwa huru. Makontena yalishusha kompyuta zilizochokwa na ofisi za Ulaya, Kariakoo ikazipanga juu ya meza pamoja na viatu na sufuria, na kila familia ilitaka harusi yake ionekane kama za kwenye televisheni. Nilijifunza kwa kitabu cha maelekezo kilichokosa jalada na kurasa za mwisho, nikiwa na kamusi ya shule pembeni. Nilichokosa kitabuni nilikipata kwa kuharibu na kutengeneza.

Niseme wazi kwamba nilikuwa mtu wa hofu. Nikifunga mlango wa nyumbani Ilala, nilitembea hatua chache kisha nikarudi kuusukuma nione kama umefungika. Nikiandika anwani kwenye bahasha na herufi moja ikainama, niliichana bahasha. Watu waliniita mtu wa makini, nami niliwaacha waamini hivyo. Umakini, kwa ninavyoujua, una utulivu ndani yake. Mimi nilikuwa natetemeka tu kwa mpangilio mzuri.

Chumba changu kilikuwa juu ya duka la kompyuta za mtumba. Mwenye duka alikuwa Mhindu wa makamo, mzaliwa wa mji huu, ambaye kila asubuhi aliwasha ubani mbele ya picha ndogo iliyovishwa maua juu ya kaunta, kisha akafungua redio na kuanza kubishana nayo. Nilimwita Mzee. Alinipa chumba, meza, na kompyuta yenye skrini ya kichogo kizito kiasi kwamba meza ilipinda katikati. Badala ya kodi nilimtengenezea mabango ya duka na kupokea wateja alipokwenda kula. Mashine yenyewe ilikuwa ya duka. Vijana wake walipanda jioni kuchezea karata humo, na yeyote aliyetaka kujaribu programu mpya aliijaribu humo.

Mama wa bibi harusi aliposikia hilo, alikunja uso.

"Kwa hiyo picha zetu zitalala na wanaume?"

Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, wa ukoo wa zamani wa pwani, mmoja wa wale wanawake waliokuwa wa kwanza kupanda ndege kwenda Dubai biashara ilipofunguliwa. Alikuwa na sababu ya kukunja uso. Mtaani kwao mkanda wa shughuli ya jirani uliwahi kuonekana kwenye kibanda cha video, watu wameketi kwenye mabenchi wakitazama mama za watu. Yule jirani hakutoka nje mfungo mzima.

Nilimweleza kwamba kuna diski ya nje, ambayo unaichomeka kwenye kompyuta wakati wa kazi na kuichomoa ukimaliza, na vyote vilivyomo huondoka nayo. Safari iliyofuata aliileta mwenyewe kutoka Dubai, ndani ya jora la hariri. Akaweka masharti. Diski italala kwake, kwenye kabati la kuwekea dhahabu. Italetwa na wifi yake, yule Shangazi, na kurudishwa na wifi yake. Hakuna mwanaume atakayeona hata ukucha wa mtu. Na picha zikishaingia mle, mikanda ya kamera iharibiwe mbele yake.

Hapo palinishika. Kitabu changu kisicho na jalada kilisema kitu kimoja kwa herufi nene: usibaki na nakala moja. Nilikijua kile kifungu kama aya ya dua. Picha zilipokwisha kuingia nikamtazama Shangazi akivuta utepe wa mikanda, mweusi unaong'aa, akiukatakata kwa mkasi wa kushonea na kuutia kwenye jiko lililokuwa limebaki na makaa ya samaki. Nilifungua mdomo. Kisha nikaona nitaonekana sijiamini, tena najibizana na watu wazima, nikafunga mdomo. Moshi ulinuka plastiki na changu wa kukaanga.

"Basi," alisema mama mtu. "Siri imebaki na mlinzi mmoja."

Kazi ingeweza kuisha mapema. Ilichelewa kwa sababu ya rangi ya kijani. Wanawake wa ukoo walivaa sare ya kanga ya kijani, na kwenye picha za ndani kijani kile kilielekea bluu, ilhali kwenye za uani kilikuwa kijani cha kweli. Hakuna mtu mwingine angekiona. Mimi nilikiona hata nikifumba macho. Nilirekebisha kipande baada ya kipande, nikarudi mwanzo, nikarekebisha tena, na Shangazi kwenye mkeka wake akimenya machungwa na kuniuliza kama hiyo kanga naifua au naitazama.

Siku ya kuunganisha filamu nzima ilifika juma la safari. Bibi harusi alikuwa anaondoka Jumamosi, na Ijumaa baada ya swala wanawake wangekusanyika kuitazama. Niliiamuru kompyuta iunganishe vipande vyote na kuiandika filamu kwenye diski ile ile, maana ndani ya mashine ya duka hatukuacha kitu. Mstari wa bluu ukaanza kutambaa. Adhuhuri Shangazi akaenda kuswali kwenye nyumba ya rafiki yake nyuma ya mtaa.

"Usitie komeo," alisema. "Nikirudi sitaki kugonga mlango kama mdai."

Nilipobaki peke yangu, hofu ikanituma nihakikishe kijani kwa mara ya mwisho. Huku mstari ukitambaa, nikafungua picha za uani kando yake. Mama wa bibi harusi alikuwa katikati ya mduara, kichwa wazi, kanga imefungwa chini ya kiuno, anacheka.

Nikasikia nyayo kwenye ngazi. Zilikuwa nzito, za viatu, na pamoja nazo kilisikika kikombe kikigongana na kisahani.

Palikuwa na kitufe cha kuzima skrini. Kilikuwa mbele yangu, kikubwa kama kifungo cha koti. Ningeweza pia kuishusha ile picha kwa kugusa kipanya mara moja. Nayajua haya yote sasa, na niliyajua hata wakati ule. Lakini mkono wangu haukuwaza kompyuta, uliwaza mwanamke aliye kichwa wazi na mwanaume anayepanda ngazi. Ulifanya alichofanya kila msichana wa kwetu aliyewahi kusikia hodi watu wakiwa hawajajisitiri: ukamkamata mtu ukamficha. Niliichomoa diski kwa nguvu, mstari wa bluu ukiwa haujafika mwisho, skrini ikabaki tupu, nikaitumbukiza kifuani ndani ya gauni. Ilikuwa ya moto. Niliisikia ikizunguka, ikapunguza mwendo, ikanyamaza.

Mzee akaingia na chai ya tangawizi.

"Mbona umejikumbatia? Tumbo?"

"Hapana, Mzee. Baridi."

Akatazama feni, akanitazama mimi, akaweka chai juu ya meza na kushuka.

Nilipoichomeka tena, kompyuta iliitambua kama mtu anayekutambua sura lakini jina limemtoka. Ikaandika kwa Kiingereza chake cha ofisini kwamba diski hii haijaandaliwa kwa matumizi, je, ninataka iandaliwe sasa? Ndiyo au Hapana. Nilijua kuandaliwa maana yake ni kufutwa. Nilijua pia kwamba mle ndani ndimo ilimo nakala pekee duniani, na kwamba mikanda imekuwa majivu. Nikabofya Hapana. Ikauliza tena. Nikabofya tena Hapana, nikaichomoa, nikaketi juu ya mkeka wa Shangazi kati ya maganda ya machungwa, nikalia kimya kimya ili nisisikike chini.

Shangazi alinikuta hapo. Nilimwambia yote, pamoja na habari ya kitufe. Alisikiliza bila kuvua viatu.

"Kwa hiyo amekufa au amezimia?"

"Sijui, Shangazi. Nadhani amezimia. Picha zimo, ila orodha ya kuonyesha zilipo imevurugika."

"Nani anajua kumwamsha?"

Huko ndiko kulikokuwa na shida. Mafundi wa diski niliowajua wote walikuwa wanaume, na njia yao ni moja: wanafungua, wanatoa mafaili, wanayachezesha kuona kama yamepona. Wanayatazama. Ndiyo kazi yenyewe. Nilimwona mama mtu kichwani mwangu, na benchi la kibanda cha video.

"Tumwambie wifi yako," nilisema.

"Wifi yangu ukimwambia saa hizi, ataichukua aitupe baharini Magogoni na biashara iishe. Kwanza tujue kama ni mgonjwa au maiti. Habari ya msiba haipelekwi nusu."

Akashuka ngazi yeye mwenyewe. Nilimsikia chini akisalimiana na Mzee kirefu, habari za nyumbani, habari za mvua, Jangwani kumejaa maji au bado. Shangazi hakuwa mtu wa kuanza na shida. Kisha sauti zikashuka, na baada ya muda wote wawili wakapanda, Mzee nyuma, akiwa amejishika kidevu.

"Binti," aliniambia, "ulipoulizwa uiandae, ulijibuje?"

"Hapana."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Basi usiiguse tena, hata kwa salamu." Akakuna shingo. "Programu ya kuitafutia ninayo. Imo kwenye sidii, nimeitumia kwa diski za wateja. Lakini dada yangu hapa ananiambia nisione."

"Usione," alisema Shangazi.

"Fundi asiyeona."

"Wewe si unajisifu unaijua kazi hata usingizini? Fanya kama umelala."

Mzee alicheka, kisha akatazama ukuta. "Kwetu pia, usiku wa nyimbo za wanawake kabla ya ndoa, sisi tunafukuzwa," alisema. "Ya binti yangu nilikaa kwenye gari na ndugu zangu tukila karanga. Mpaka leo sijui waliimba nini, na mke wangu hasemi." Akavuta kigoda, akakipeleka dirishani, akaketi akitupa mgongo na kutazama barabara. "Haya. Yeye atakuwa macho, mimi mdomo."

Shangazi hakuridhika. Alifungua kanga ya kufungia diski, akaitundika kwenye kamba kati ya msumari wa kalenda na bawaba ya mlango, ikawa pazia kati ya kigoda na meza. Akakaa chini yake kama bawabu.

"Na masikio?" aliuliza Mzee kutoka upande wa pili. "Nayo nitundikie?"

"Binti, zima sauti," alisema Shangazi.

Kwanza Mzee alinikataza kuokoa chochote ndani ya diski yenyewe. Kilichookolewa lazima kiwekwe mahali pengine, alisema, maana ukiandika juu ya mgonjwa unamzika. Mahali pengine palipokuwepo ni ndani ya mashine ya duka. Shangazi akasema abadan. Wakavutana kidogo, mmoja kila upande wa pazia, hadi Mzee akakumbuka kwamba ana diski ya nje nyingine kwenye kabati, mpya, bado imo kwenye boksi. Akaitelemkia, akaileta akitembea kinyumenyume kutoka mlangoni hadi kwenye kigoda, jambo lililomfurahisha sana Shangazi.

"Sasa mabibi harusi wawili," alisema. "Na wote watalala kwetu. Hii tunainunua."

Nikaweka sidii. Mzee akiwa ametazama nje, akaanza.

"Unaona nini?"

Nikamsomea.

"Chagua ya pili."

"Ya pili inasema kutafuta kwa haraka."

"Iache hiyo. Tafuta inayosema kwa kina. Mtu aliyezimia hapimwi haraka."

Hivi ndivyo tulivyokwenda, mimi nikisoma na yeye akijibu huku akiitazama barabara. Katikati aliponisubiri alitueleza yanayopita huko chini: mtu wa mabeseni amegongana na mtu wa vioo, polisi jiji wanakuja, wauza soksi wanakunja turubai, gari moja limeshindwa kugeuza tangu asubuhi na sasa kila mpita njia amekuwa mwalimu wa udereva. Sijawahi kuujua mtaa ule vizuri kama mchana ule ambao sikuutazama.

Kisha programu ikaleta ukurasa ambao hakuutambua. Nilimsomea mara mbili. Ilikuwa inauliza mfumo wa zamani wa diski ulikuwa upi, na vipande vipangwe kwa ukubwa gani, ikatoa majibu mengi, na kuonya kwamba jibu lisilo sahihi litaleta mafaili yaliyovunjika.

Mgongo wa Mzee ulinyooka nyuma ya kanga.

"Mimi hapo sijafika," alisema. "Toleo langu la zamani halikuuliza. Wewe ndiye uliyeiandaa diski hii siku ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Basi anayejua ni wewe. Soma taratibu uamue."

Naona aibu kidogo kueleza jinsi nilivyokaa. Nilitaka mtu achague ili kosa liwe lake. Nilitamani kushuka, nitembee hadi Ilala, nikausukume mlango wetu nione kama umefungwa. Shangazi alikuwa ananitazama, chungwa mkononi, halijamenywa.

Hofu yangu, ambayo maisha yote ilinichelewesha, ilikuwa imefanya kitu kimoja cha maana: siku ile ya kwanza, kwa kuogopa kukosea, niliiandaa diski pole pole na kusoma kila mstari, nikaacha kila kitu kama kiwanda kilivyopendekeza kwa sababu sikuthubutu kubadilisha. Kwa hiyo nililijua jibu. Sikulibahatisha. Niliirudia ile asubuhi akilini, ukurasa kwa ukurasa, hadi nikauona mstari wenyewe. Nikachagua. Nikabofya.

"Nimebofya," nilisema.

"Vizuri," alisema Mzee. "Inasemaje?"

"Inatafuta."

Ilitafuta mchana wote uliobaki. Mzee alipandisha betri kubwa ya akiba ya kaunta yake, ili umeme ukikatika mashine isizimike, na kweli ulikatika alasiri, feni ikasimama, betri ikalia kama kifaranga mpaka jenereta la duka likawashwa. Shangazi aliswali pale pale nyuma ya mlango. Karibu na Magharibi orodha ikaanza kujaa. Mafaili hayakuwa na majina yake, yalikuwa na namba tu, yamechanganyika. Nikafungua la kwanza, sauti imezimwa.

Kwa muda palikuwa na weusi. Kisha kijani.

"Shangazi," niliita.

Akaja nyuma yangu. Kwenye skrini kulikuwa na yeye mwenyewe, amebeba sinia la hina kichwani, anayumba.

"Nimenenepa," alisema polepole. Akajifuta jicho kwa ukingo wa kidole.

"Mmepata nini?" aliuliza Mzee, uso wake dirishani.

"Hayakuhusu," alisema Shangazi. "Mungu akupe maisha marefu."

Kazi iliyobaki ilikuwa kuyatambua yale mafaili moja moja na kuunganisha upya, kwani filamu yangu ya kijani kamilifu ilikuwa imepotea na marekebisho yake yote. Jioni ile nilikwenda na Shangazi kwa mama mtu. Nilimweleza mwenyewe, nimesimama. Nilimweleza habari ya kitufe, ya mwanaume aliyekuwa chumbani, na ya pazia. Alimgeukia wifi yake.

"Hakugeuka?"

"Hata shingo. Aliingia kinyumenyume kama kaa."

Kisha mimi, kwa sauti ambayo sikuijua, nikasema kile nilichokimeza siku ya mikanda: kwamba diski sasa ni mbili, na ninaomba zibaki mbili, zisilale kabati moja, na kwamba nitasema hivyo kwa kila mtu atakayenipa kazi. Nilingoja mama mtu aniambie nina mdomo mrefu. Alisema, "Ya pili italala kwa wifi. Anakoroma, mwizi ataogopa."

Ijumaa tulifunga milango. Wanawake walijaa sebuleni hadi kwenye ngazi ya uani, bibi harusi katikati, miguu bado ina hina iliyofifia. Filamu haikuwa ile niliyoitaka. Ndani kijani kilikuwa bluu, uani kilikuwa kijani. Na palikuwa na mahali pamoja ambapo faili halikupona: kwenye mduara wa mwisho, mama wa bibi harusi akiwa ameinua mikono na wimbo umefika kwenye kiitikio, picha ilikuwa inaganda na sauti kukatika, kisha inaendelea mbele wimbo ukiwa umeshakwisha. Nilikuwa nimejaribu kila hila ya kupaficha. Kila hila ilifanya pazidi kuonekana. Mwishowe nilipaacha.

Niliketi karibu na waya, nikipasubiri kama mtu anayesubiri sindano.

Picha ikaganda. Mikono juu, kimya. Nilianza kusema samahani, lakini sikusikika, kwa sababu bibi mmoja pembeni aliona wimbo umekatwa na yeye hakuwa amemaliza. Akaudaka pale pale ulipoanguka. Jirani yake akaitikia, kisha chumba kizima, makofi, kigelegele, na mama wa bibi harusi akainuka mbele ya skrini iliyoganda na kuinua mikono kama alivyoinua mle ndani. Bibi harusi akamfuata. Picha iliendelea na safari yake bila mtu kuitazama, nami ikabidi niirudishe nyuma walipoketi.

Niliirudisha mara nyingi mchana ule. Kila ilipofika pale, walidai nisipite.

Jioni Shangazi alinipa hotpoti ya biriani ya kuku, kisha akakumbuka kwamba Mzee hali nyama, akaninyang'anya. Ikapakuliwa upya bila nyama: wali, viazi, bilauri ya mtindi, na achari. "Mpelekee yule wa kwenye kigoda," alisema. "Mwambie asifungue macho akaona."

Nilimkuta Mzee anateremsha milango ya duka. Alikula amesimama kwenye kaunta, kwa mkono, akifumba macho kwa ajili ya achari.

"Kwa hiyo ilitazamika?" aliuliza.

"Ilitazamika. Kuna mahali palikatika, wakaimba wenyewe."

"Wimbo gani?"

Nilitabasamu nikanyamaza. Alinitazama, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Na wewe umeshakuwa kama mke wangu, husemi," alisema. "Juu kule kuna mama mgeni alikuja kukuulizia. Nimemwambia akusubiri. Amekaa kwenye ngazi, na mapajani ana kitu amekifunga kwenye kanga."